Sahani Iliyovuka Mpaka

Katika West Nile, pembe ile ya Uganda inayopakana na Kongo kwa upande wa magharibi na Sudani, ambayo sehemu hiyo yake leo ni Sudani Kusini, kwa upande wa kaskazini, ngoma haikupata kuadimika hata katika miaka ya dhiki kubwa. Waalur walikuwa na adungu zao za nyuzi. Wapuliza agwara, mabaragumu marefu ya mti ambayo kila moja hutoa sauti yake moja tu na wimbo ukakamilika kwa watu kupokezana, walialikwa penye furaha na penye msiba. Na kina mama wa Kinubi wa Arua na Koboko walipiga doluka usiku kucha penye arusi. Kilichokuwa adimu kwetu ni sahani ya santuri, kwa maana hatukuwa na mahali pa kurekodi wala kiwanda cha kuchapa, na kila sahani iliyotufikia ilikuwa imepita mikono mingi na vizuizi vingi vya njiani. Nataka kuandika habari za sahani moja miongoni mwa hizo, Sina Makosa, iliyopigwa na bendi ya Les Wanyika mjini Nairobi na kutolewa mwaka 1979, kwa sababu katika umri wangu sijaona kazi nyingine ya sanaa iliyowafaa kiasi kile watu ambao watungaji wake hawakuwajua wala hawakuwakusudia.

Asili ya bendi ile yafaa itajwe, maana ni habari ya watu waliokuwa mbali na kwao. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia muziki Tanga katika Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi, ambako bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Nairobi wakati ule ilikuwa soko la muziki la Afrika Mashariki yote: Watanzania, Wakongo na Waganda walikwenda huko kwa kuwa ndiko kulikokuwa na studio, mitambo ya kuchapa sahani na wafanyabiashara wa kuzisambaza. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, hata mwanamuziki wa Tanga aliyekuwa Nairobi akajikuta yuko umbali wa mwendo wa siku moja kutoka kwa mama yake na asiweze kumfikia kwa njia iliyonyooka. Mwishoni mwa mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika walijitenga. Alikuwapo Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga gitaa la rithimu. Tom Malanga wa besi. Na Rashid Juma wa drams. Wakampata John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekwisha kuwa akiimba Kenya, na bendi mpya ikaitwa Les Wanyika.

Bendi iliyojitenga na bendi mashuhuri ina shida isiyokuwa na huruma. Wapenzi wa muziki hubaki na jina la zamani, na wenye kumbi hutaka jina linalojaza viti. Waliojitenga hawana cha kuonyesha ila wimbo. Les Wanyika walichagua njia ya subira: walijifungia kufanya mazoezi kwa miezi, kisha wakaingia studio na sahani yao ya kwanza ikawa ndiyo barua yao ya kujitambulisha. Kwa vijana wa leo, ambao wimbo huwajia ndani ya simu pasipo uzito wala umbo, ni vigumu kufahamu sahani ile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa duara jeusi la inchi saba, lenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, kila upande wake ukichukua dakika nne au tano za muziki zilizo safi na si zaidi sana. Fundi alikata mfereji mwembamba katika bamba laini, bamba likapakwa madini ya fedha na nikeli, pakapatikana muhuri wa chuma, na muhuri ule ukagandamizwa kwa moto juu ya plastiki hata sahani zikatoka moja baada ya moja, kila moja na karatasi yake ya duara katikati, yenye jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtungaji. Kosa lililoingia katika bamba la kwanza liliingia katika sahani zote. Kwa hiyo wapigaji walisimama pamoja katika chumba kimoja, wakapiga pamoja, na mmoja akikosea aghalabu wote walirudi mwanzo.

Dansi ya Kiswahili, hata hivyo, haikuumbwa kwa dakika nne. Huanza kwa utulivu, mwimbaji akatoa shauri lake, sauti zikaitikia, halafu magitaa yakashika njia na wachezaji wakaanza kutokwa na jasho. Wenye kurekodi Nairobi walitafuta dawa yake: wimbo uligawanywa sehemu mbili, ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza sahani. Ndivyo tulivyousikia Sina Makosa, na mpaka leo, nikiusikia umeunganishwa mfululizo, moyo wangu hungoja pale katikati ule ukimya wa kugeuza.

Jambo nililolihusudu katika wimbo ule, na ambalo nadhani ndilo lililoupa maisha, ni ukavu wake. Hapana tarumbeta wala saksafoni ya kufunika upungufu. Besi ya Malanga inatembea kama mtu ajuaye aendako, drams zinamfuata bila kelele, gitaa la solo linasema linapokuwa na la kusema, na katikati ya yote gitaa la rithimu la Omar Shabani linarudia mafungu yake mafupi kwa uthabiti ambao sikio lisilozoea hulipita bila kulitambua. Omar ndiye mtungaji wa wimbo. Angeweza kujipa nafasi ya mbele. Alibaki kwenye rithimu, akaubeba wimbo wote mgongoni, na wengine wakang'aa juu yake. Mtu aliyelelewa karibu na agwara huelewa jambo hilo haraka kuliko wengine: mwenye baragumu la sauti moja, akiacha kupuliza mara moja tu kwa kujisikia mnyonge au kwa kutaka kusikika zaidi, huuvunja wimbo wa watu wote.

Shauri la wimbo lenyewe ni dogo. Mtu analaumiwa na mwenziwe kwa jambo la mapenzi ambalo hakulitenda. Anaonewa hasira, anasemwa, naye anajitetea kwa upole, akieleza kuwa kila mmoja ana kwake na hapana sababu ya chuki. Hamtukani mwenye kumlaumu, wala haapi kulipa kisasi, wala hamwombi mtu amhurumie. Anasema tu kwamba hana makosa, na anasema kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha lala usingizi wake vizuri.

Sasa nije Koboko, takriban maili 35 kaskazini ya Arua, mji uliokuwa mdogo lakini wenye jina kubwa, kwa sababu ukoo wa Idi Amin, aliyekuwa rais wa nchi wakati ule, watokea huko na watu wa nchi nzima waliujua kwa ajili yake. Ndugu wa mama yangu, mjomba wangu, alikuwa fundi wa kushona nguo, na cherehani yake ilikaa barazani penye njia iendayo Sudani. Alikuwa na santuri ya betri, ya kubeba mkononi, ambayo kifuniko chake ndicho kilichokuwa na spika. Katika miaka ya Amin sahani mpya zilikuwa tabu kupatikana. Mwaka 1972 wafanyabiashara wa Kihindi walifukuzwa na maduka mengi yaliyokuwa yakiziuza yakafa. Baadaye bidhaa zilipungua hata sabuni na chumvi zikawa ni za magendo, sembuse nyimbo. Sina Makosa uliingia kwetu mikononi mwa dereva wa lori, ndani ya bahasha ya karatasi iliyochakaa, ukabadilishwa kwa suruali moja iliyoshonwa vizuri, na mjomba aliona amepata faida.

Ilikuwa katika siku zilizofuata vita vya Tanzania na Amin. Kampala ilikuwa imetekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yakaufikia mpaka wa Sudani kwa njia ya Koboko, vita vikaisha pale pale kwetu kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tulikuwa tumewangoja askari wale kwa hofu kubwa, maana tulijua tunahesabiwaje. Wakaja wakisema Kiswahili cha upole kuliko tulichokizoea, wakinunua vitu kwa pesa, wakimwita mama yangu mama. Mmoja wao alisimama barazani kwa mjomba akasikiliza Sina Makosa mpaka mwisho wa upande wa kwanza, akamwomba ageuze, akasikiliza wa pili, kisha akasema kwamba waimbaji hao ni watu wa kwao na kwamba hajapata kusikia sahani ile kwao. Mjomba alimpa kigoda. Naona hata sasa walivyokaa, aliyeshinda na aliyeshindwa, kila mmoja akiitazama sahani ikizunguka, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe habari za vita.

Mjomba alikuwa na adabu zake katika kuiweka sahani. Aliosha mikono kwanza, kwa kuwa mafuta ya cherehani huweka alama. Aliifuta kwa kipande cha kitambaa laini alichokitenga kwa kazi hiyo, akifuata duara na si kukata katikati. Aliishika kwa ukingo baina ya viganja. Na juu ya mkono wa sindano, ambao ulikuwa mwepesi na hurukaruka, aliweka senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ili kuutia uzito. Sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa. Tuliruhusiwa kutazama, na kwa kutazama nikajifunza kwamba kitu kilichofanywa kwa uangalifu huwafundisha uangalifu hata wale wasiojua kilifanywaje.

Kiswahili nacho kilikuwa na kesi yake katika Uganda. Kilitumika jeshini tangu zama za Waingereza, na kwa watu wengi wa kusini ya nchi kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki anayebisha hodi usiku. Mwaka 1973, baada ya wilaya zote kutakiwa shauri, 12 zilikichagua kuwa lugha ya taifa na 8 zikachagua Luganda, na Amin akatoa amri kwamba kiwe lugha ya taifa. Lakini amri haiwezi kuifanya lugha ipendwe. Sisi wa Koboko na Arua tulikuwa nacho kwa njia nyingine: kilikuwa cha soko la mpakani, cha msikiti, cha Mkakwa na Mlugbara na Mnubi na Mkongo wanapopatana bei. Hata hivyo hata kwetu kilielemea upande wa amri na biashara. Kwa sahani hizi za Nairobi ndiko nilikosikia mara ya kwanza Kiswahili kikijieleza, kikisihi, kikikana lawama bila kupandisha sauti. Nikiulizwa ni nani aliyenifundisha kukiandika, nitawataja walimu wangu kwa heshima zote, lakini nitamtaja John Ngereza pamoja nao.

Utulivu ule wa mwaka 1979 haukudumu. Watanzania waliondoka West Nile, na mwezi wa Oktoba 1980, baada ya askari wa zamani wa Amin kuvuka kutoka Sudani na kuishambulia Koboko na Arua, mapambano yaliyofuata yaliifanya West Nile nzima kuwa ya kulipiziwa kisasi. Amin alikuwa amekwenda zake; waliobaki kulipa ni wakulima, wazee na wanawake, kwa kosa la kuzaliwa mkoa mmoja naye. Watu walikimbia kwa maelfu mengi kuingia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na Sudani, hata Koboko ikabaki nyasi na kuta. Waliobaki karibu na Arua walijisitiri penye misheni, na tarehe 24 Juni 1981 katika misheni ya Ombaci raia waliokimbilia ulinzi waliuawa. Hayo ni mambo ambayo wenyeji wake huyasema kwa maneno machache, nami nitafanya hivyo.

Sisi tulivuka upande wa Zaire. Mjomba alifungua kichwa cha cherehani akakibeba begani, na mkononi akachukua bahasha ya sahani zilizopangwa baina ya vipande viwili vya mbao na kufungwa kwa mikanda ya nguo. Santuri aliibeba mke wake kichwani. Watu walimshangaa: wengine walibeba unga na sufuria, na yeye ameokoa nyimbo. Lakini cherehani ilitulisha, na sahani zilituleta pamoja na watu, kwani sehemu za Aru na Ariwara zilikuwa zimejaa wakimbizi wa makabila yote ya West Nile, na jioni, betri zilipopatikana, walikuja kukaa mbele ya kibanda chetu.

Alikuwako mzee mmoja wa Kikakwa, aliyekuwa karani wakati wa amani na ambaye alikuwa amewaacha wanawe wawili njiani katika makaburi yasiyo na alama. Hakuwa mpenzi wa dansi. Alikuwa mtu wa dini na mwenye haya. Jioni moja aliinua mkono akasema, "Fundi, tuwekee ule wa kwetu."

"Upi, mzee wangu?"

"Ule wa asiye na kosa."

Mjomba akauweka. Watu waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Ngereza akaimba shauri lake la mapenzi na wivu, na pale mbele ya kibanda hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesikia habari za wivu. Kila mmoja alisikia jibu ambalo hakupewa nafasi ya kulitoa mbele ya hakimu yeyote. Tangu jioni ile wimbo ukaitwa wa kwetu, na mgeni aliyetoka kambi nyingine akiuomba kwa jina lake halisi, watoto walimsahihisha.

Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi. Ingeweza kusemwa kwamba lilikuwa ni sadfa tu, kwamba jina la wimbo liliafikiana na hali yetu na basi. Siamini. Zilikuwako nyimbo zilizotungwa makusudi kwa ajili ya taabu zetu, nyingine kali, zenye kutaja adui na kumlaani. Tuliziimba wiki chache, zikatuchosha, kwa kuwa zilituacha na hasira ile ile tuliyokuja nayo. Zilikuwako pia, katika miaka ya nyuma, nyimbo za kuwasifu watawala, ambazo zilipigwa redioni kutwa. Siku utawala ulipoanguka zilianguka nao, na hakuna aliyezibeba kichwani kuvuka mto. Sina Makosa ulituchukua kwa sababu ulikuwa umejengwa imara kwa ajili ya jambo lake lenyewe. Omar Shabani hakuwaza West Nile. Aliwaza mtu mmoja aliyelaumiwa, akamwelewa mpaka mwisho, akampa maneno machache yasiyo na uongo, na wenzake wakayachunga maneno hayo kwa magitaa yao pasipo kuyafunika. Mtu mmoja akielezwa kwa ukweli namna hiyo, nafasi hubaki ndani yake ya wengine kuingia. Laiti wangelijaribu kuwaimbia wote wanaodhulumiwa duniani, sidhani kama yule karani angeinua mkono wake.

Tena upole wa wimbo ulikuwa na kazi. Aliyedhulumiwa huwa na vishawishi viwili: kujiona duni, kana kwamba lawama ina ukweli fulani uliofichika, au kuamini kwamba mateso yake yamempa haki ya kutesa. Wimbo ule ulivikataa vyote viwili kwa mara moja. Mtu ndani yake anasimama wima na hamwinulii mtu ngumi. Nilikuwa kijana mwenye umri wa kushika silaha, na walikuwako waliotukusanya kwa shauri hilo. Siwezi kudai kwamba sahani ndiyo iliyonizuia, maana mama yangu alikuwa na nguvu kuliko sahani, lakini ninajua kwamba nilipotafuta maneno ya kuwajibu waliokuja kutuita, maneno niliyoyapata yalikuwa na utulivu wa wimbo ule.

Tulirejea baada ya mwaka 1986, watu wakaanza kufyeka majani katika viwanja vyao. Sahani ilikuwa imekwaruzika hata sehemu ya kwanza ilirukaruka mahali pale pale kila mara, na sisi tukawa tunaimba na kuruka kwake. Kaseti zilikuwa zimekwisha kuingia. Ariwara na Arua kila kibanda kilikuwa na mashine mbili za kunakili, na nyimbo zikaenea kwa wepesi ambao sahani haikuwa nao. Lakini katika kunakiliwa yale maandishi ya duara la katikati yalipotea. Kaseti iliandikwa kwa kalamu ya wino "Wanyika", au "Zaire mchanganyiko", au "Za zamani". Wapenzi waliongezeka ilhali watungaji wakitoweka. Baadaye ikaja kadi ya simu, inayojazwa nyimbo mia kwa bei ya chai na mandazi, na hata neno "Wanyika" halimo tena.

Haya si malalamiko juu ya mitambo. Naona uchungu kwa sababu ya watu. Wanamuziki wengi wa Nairobi wa wakati ule waliuza nyimbo kwa malipo ya mara moja, na karatasi ile ya katikati ya sahani ilikuwa karibu urithi wao wote: ushahidi kwamba fulani alitunga. Wengi wa wale walioupiga Sina Makosa wametangulia mbele ya haki. Katika arusi za Arua bado unapigwa, watu wazima wakiinuka vitini mara wasikiapo magitaa yale ya mwanzo, na nikiuliza mezani ni nani aliyeutunga, huambiwa ni wimbo wa Wakongo. Nimekwisha kuwa mtu wa kuudhi kwenye arusi, kwani silinyamazii.

Ndiyo sababu nilikubali, vijana wa bendi moja ya Arua waliponijia wakitaka shauri juu ya wimbo wao wa kwanza. Wanapiga magitaa ya umeme kwa nguvu, kwa namna ya roki, wakichanganya na mapigo ya nyumbani, na wanaimba kwa Kilugbara na Kiswahili. Wimbo wao ni wa mtu wa bodaboda aliyekopa pikipiki, akailipia siku baada ya siku, na siku ya kumaliza deni akaambiwa hesabu imepotea. Waliniita studio. Kila mmoja aliingia peke yake, akapiga sehemu yake huku akisikia wenzake masikioni tu, na fundi wa kompyuta akaunganisha, akanyoosha palipopinda, akaongeza sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Matokeo yalikuwa mazuri na hayakuwa na mtu ndani.

Niliwaomba wajaribu kwa njia nyingine: wasimame pamoja, wapige mara moja wote, na mwenye kukosea awarudishe wote mwanzo. Walichukia. Mpiga solo alisema ni kupoteza pesa za studio, na kwa hesabu ya shilingi alikuwa na haki. Lakini mpiga rithimu, kijana mnyamavu ambaye katika rekodi ya kwanza alikuwa amezamishwa chini kabisa, alisema wajaribu. Waliporudi mwanzo mara nyingi, hasira zikaanza kuwatoka na masikio yakaanza kufunguka. Mpiga solo akaacha nusu ya mapambo yake kwa kuwa sasa alimsikia mwenziwe, na mwimbaji, ambaye alikuwa akipiga kelele juu ya deni lake, akaanza kulieleza. Rekodi hiyo ndiyo waliyoitoa.

Vituo vya redio vya Arua viliupiga. Mara wakaanza kupata simu kutoka kambi ya Bidibidi huko Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudani Kusini, watu ambao baba zao waliwapokea wenzetu Yei na Kajo Keji walipokuwa wakikimbia. Wanauomba wimbo wa pikipiki upigwe kwenye matanga. Mwimbaji alifadhaika, akaja kwangu akasema watu wale hawakuuelewa, kwani wimbo hauhusu kifo wala vita, unahusu deni lililolipwa na kukanwa. Nikamweleza habari za karani wa Kikakwa. Alisikiliza, kisha akauliza kama awaandikie ubeti wa pili unaowataja kwa jina. Nilimsihi asifanye hivyo.

Sasa wako katika mjadala mwingine, nao ni wa pesa na majina. Wimbo umesajiliwa kwa jina la mwimbaji peke yake, kama desturi ilivyo, na wenzake wanataka majina yote yaandikwe, ya wapigaji na ya fundi pia, na mgao ufuate majina. Nimewaambia kwamba niko upande wa wenzake, na kwamba jina la mpiga rithimu liandikwe la kwanza. Watakutana Jumamosi, na wamenitaka niwepo.